Bustani ya Upande Usiopata Jua

Kamizawa, Yamagata
28 Machi 1976

Wifi yangu Haruyo,

Huku theluji bado imefika usawa wa dirisha la jikoni. Najua huko kwenu Kagoshima micheri imeshaanza kuchanua, kwa hiyo usinihadithie, utaniumiza bure. Barua hii naituma kwa anwani ya mwanao Kazunori kama ulivyoagiza. Yeye na mkewe hawajambo? Na wewe, mwaka wa pili huu bila Shemeji Tadao, unaendeleaje? Nilimwashia ubani hapa kwetu siku ya kumbukumbu yake.

Sisi ni wazima kwa kiasi. Mdogo wako Eikichi bado yuko Tokyo na wenzake kwenye vibarua vya majira ya baridi, wanachimba njia ya treni chini ya ardhi. Atarudi wakati wa kupanda mpunga. Kwa hiyo tangu Novemba tuko wawili tu ndani ya nyumba hii, mimi na Mama. Mama ana miaka themanini na moja, anakula vizuri na anafoka vizuri zaidi. Ila akili yake inakwenda na kurudi, na siku hizi inakaa sana huko inakokwenda.

Kitu kimoja hakijamtoka: ile bustani yake ya nyuma, upande wa kaskazini chini ya mierezi, pale jua linapopita kama mgeni asiyetaka chai. Kila asubuhi anatoka na upawa wa supu kuchimbua theluji aone kama urui, ile mboga yake ya majani, imechipua. Mimi nyuma yake nimemshika mkanda asianguke. Yeye anapigana na theluji, mimi napigana naye. Vuli iliyopita aliniponyoka, akapanda mpaka kwenye kinamasi cha mlimani, akarudi na kikapu cha mizizi. Akasema ni urui ya mlimani, iliyo tamu kuliko ya nyumbani, akaipanda katikati ya ile ya zamani. Nilimwacha, maana alikuwa anaimba.

Nimechoka, wifi. Nasema tu, silalamiki. Nilikuwa nawaza. Uliwahi kuandika kwamba nyumba yako nayo ina bustani yenye kivuli kwa nyuma. Mama angependa kuiona. Labda kiangazi hiki, hata mwezi mmoja, Eikichi angeweza kumleta kwa treni. Ni wazo tu.

Wako,
Kinue


Kagoshima
6 Mei 1976

Kinue mpendwa,

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Mlima wetu unatema majivu tangu mwezi uliopita, nguo ukianika nyeupe unaanua za kijivu, na mtu akikaa kuandika karatasi inakwaruza kama mchanga. Sisi hatujambo. Kazunori amepandishwa cheo kazini, sasa anarudi nyumbani amechelewa zaidi. Yasuko, mkewe, hajambo, ni mwanamke msafi sana. Mimi nimenenepa. Usicheke.

Nimefurahi Mama bado ana nguvu za kupigana na theluji. Sasa nisikilize, maana wewe unatoka bondeni kwenye jua, mambo ya kivulini umeyakuta ukubwani. Mimea ile haifi, inalala tu theluji ikija, halafu inarudi kila mwaka mahali pake, kwa hiyo haitaki papara. Mashina ya urui yaliyojazana yagawe sasa hivi kabla majani hayajafunguka, ukichelewa yatakununia mwaka mzima. Ile kuvumwani ya kijani aliyoitandaza Baba kama zulia usiiguse kwa vidole, ifagie kwa ufagio laini tu, tena asubuhi ikiwa na umande. Nyasi za ndevu-za-joka zisogeze kando ya njia zishike udongo. Na ile chini-ya-theluji, yenye majani ya mviringo yenye vinyweleo, iache itambae kwenye birika la mawe. Unaikumbuka? Tukiumwa masikio Mama alikuwa akitupondea majani yake na kututia tone tone, tunalia, yeye anasema, "Lia kwa sikio moja, lingine linatosha kusikia ninavyokwambia nyamaza."

Mwache Mama ashike udongo, Kinue. Usimfungie ndani kwa sababu ya mafua. Ukimnyang'anya bustani ile, hutakuwa umemwachia kitu. Mimi huku nafanya vivyo hivyo, kila asubuhi naangalia mimea yangu kabla ya chai.

Msalimie Eikichi akirudi. Mwambie apunguze pombe.

Wifi yako,
Haruyo


Kamizawa
30 Mei 1976

Wifi Haruyo,

Theluji imekwisha, mpunga umepandwa, ingawa tumechelewa kuliko majirani. Eikichi amerudi salama. Hongera kwa Kazunori.

Mwandiko wangu mbaya, utanisamehe, kalamu inaniteleza. Mimi na Mama tulisumbuliwa na tumbo katikati ya mwezi huu, sasa tumepona, usiwe na wasiwasi.

Ninalotaka ulijue ni moja. Eikichi amesema bustani ya nyuma ing'olewe yote na pamwagwe kokoto. Ameshaagiza lori. Ataanza mvua za Juni zikipungua. Mimi sijampinga.

Lile nililokuuliza hukulijibu. Pengine barua yangu ilikuwa ndefu, ukapitiliza.

Kinue


Kagoshima
12 Juni 1976

Kinue,

Kokoto!

Salamu nitazitoa baadaye. Nimesoma barua yako mara mbili, nikadhani nimekosea kusoma. Tumbo la siku mbili tatu ndilo la kung'oa bustani ambayo Baba aliianza mimi sijaanza shule? Zile kuvumwani alizibeba kwenye ubao kutoka kwenye hekalu la bondeni, akazitandaza moja moja, akatukataza kucheza hapo miaka mitatu. Eikichi alikanyaga siku moja akapigwa, labda ndiyo kisasi analipa sasa. Mwambie dada yake amesema hivyo.

Na wewe "hukumpinga". Tangu lini? Mbona ulimpinga alipotaka kununua pikipiki? Sema ukweli wako, wifi: umechoka kufagia. Majani ya mierezi yanadondoka mwaka mzima, wewe unaona kokoto ni raha. Lakini yule ni mama yangu. Atatoka asubuhi na upawa wake akute mawe, atafanya nini? Atakaa wapi? Atakufa, Kinue, na hatakufa kwa ugonjwa.

Kuhusu kiangazi, huku joto ni kali sana, halimfai mtu aliyezoea theluji. Ndiyo maana sikulijibu.

Nakuomba, msiguse kitu mpaka tuelewane. Nakuomba kama mtu anavyoomba.

Haruyo

Yasuko anawasalimu.


Kamizawa
19 Agosti 1976

Wifi Haruyo,

Sikukuu ya wafu imepita, tumeshawaaga marehemu wetu, taa za makaburini zimezimwa, wageni wameondoka. Baba tumempelekea tikiti maji na pombe ya mchele. Mpunga unachanua. Eikichi hajambo. Mama hajambo. Ndizo salamu, sasa sikiliza.

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimekaa miezi miwili bila kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mkono ulikuwa na ganzi, na uliponiacha ganzi ukanishika hasira.

Siku ya lile tumbo nililokuandikia, tulikuwa tunapanda mpunga shamba la chini. Eikichi alibaki kunywa kwa majirani waliomaliza kupanda siku hiyo, kama ilivyo desturi. Mimi nikarudi peke yangu, tope mpaka magotini. Kufika, namkuta Mama amewasha moto. Amechemsha mboga. Ameweka mahali kando ya jiko, upande wa wageni, na vijiti vya kulia juu ya kibweta cha chakula.

"Kaa," akaniambia.

"Mama, nina tope."

"Tope halili, wewe ndiye unayekula. Kaa! Tangu alfajiri umeinama, umetia nini tumboni?"

Akanipakulia yeye mwenyewe. Bakuli la majani ya urui yaliyochanganywa na siki na rojo ya miso, kama anavyoyapika kila machipuko. Wifi, mimi nimeolewa nyumba hii miaka ishirini na sita. Nakula wa mwisho, kilichobaki, nikiwa nusu nimesimama. Sisemi kwamba ni ubaya wake, yeye naye alilishwa hivyo na mkwewe, na huyo na wake. Lakini sijawahi kupakuliwa na Mama. Hata nilipougua homa nilijipakulia.

Nikalitazama lile bakuli nikaona. Jani la urui lina kikonyo kirefu na mshipa mmoja mnene katikati. Haya yalikuwa na mikunjo kama kipepeo cha kujipepea, hayana kikonyo. Mtoto yeyote wa milimani anayajua, kila mwaka watu wa mjini wanayachuma kwa makosa na kukimbizwa hospitali. Ndiyo ile mizizi aliyoitoa kwenye kinamasi.

"Mama, haya umeyachuma wapi?"

"Bustanini kwangu. Ulitaka niyachume mbinguni? Kula kabla hayajapoa."

Akaketi mbele yangu, mikono mapajani, ananitazama nile. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona ikielekezwa kwangu. Nikala. Yalikuwa machungu. Nikasema, "Tamu, Mama." Nilikusudia nimalize langu, kisha chungu kizima nikakimwage. Sikujua kwamba yeye ameshaonja na kuonja wakati anapika.

Bi Shige, jirani yetu, alitukuta tumelala kwenye matapishi yetu, akapiga kelele mpaka shamba la pili wakamsikia. Hospitali ya mjini walitutundikia maji. Na unajua nini? Mama alipona kabla yangu. Daktari alisema ana tumbo la farasi. Mimi moyo ulikuwa unapiga polepole hadi Eikichi akaitwa aje kuniaga.

Sasa umejua kwa nini kokoto. Mumeo akiwa amelia vile kando ya kitanda chako, utampinga?

Lori lilikuja Julai. Mama akatoka, akakaa katikati ya kuvumwani za Baba, miguu ameinyoosha, mvua inamnyeshea. Eikichi akamwambia, "Mama, toka hapo." Mama akamuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Eikichi akatupa koleo akaingia ndani. Mimi ndiye niliyemwambia Eikichi aache. Sikufanya kwa sababu ya barua yako. Niliingia mwenyewe chini ya mierezi, nikang'oa shina moja moja lenye mikunjo, na mzizi wake, nikachoma. Kokoto ziko mlangoni zimerundikwa, tunazikwepa tukipita.

Bustani ipo. Lakini mizizi ile anaweza kuipanda tena vuli hii, na mimi namfuata kila hatua. Sipiki bila kumtazama. Siogi bila kumtazama. Novemba Eikichi ataondoka tena, na theluji itatufungia wawili. Sitaweza. Nimechoka mpaka kwenye mifupa, na safari hii nalalamika.

Sitauliza tena kwa kuzunguka. Mchukue Mama, au njoo.

Kinue


Kagoshima
4 Septemba 1976

Kinue, wifi yangu,

Nimekaa na barua yako nikashindwa kula. Yasuko akaniuliza kama chakula ni kibaya. Nikamwambia ni kitamu. Basi nami huwa nasema hivyo hivyo.

Nilikuandikia kwamba umechoka kufagia. Nifutie neno hilo. Kama lingekuwa limeandikwa ukutani ningelikwangua kwa kucha.

Na sasa la kwangu, maana hata mimi nilikuwa nakuzunguka. Sina nyumba, Kinue. Ile nyumba yenye bustani ilikuwa ya kampuni ya Tadao. Alipofariki walinipa muda wa heshima, muda ukaisha, nikatoka. Bustani ile ya nyuma sasa wanaegesha magari. Nakaa na Kazunori na Yasuko, ghorofa ya nne, chumba cha kuenea mikeka minne tu, na nusu yake ni kabati la Yasuko. Mimea ninayoiangalia kila asubuhi ni chungu kimoja cha ndevu-za-joka kibarazani, upande wa kaskazini, karibu na mashine ya kufulia. Nikimwagilia, maji yanadondoka kwa wa chini, wanalalamika, Yasuko anashuka kuomba radhi. Kwa hiyo namwagilia kwa kijiko.

Ningemwekaje Mama hapa? Mimi mwenyewe nikikohoa naomba samahani. Nikaona aibu kukwambia. Wewe ulinijua mimi nikiwa binti wa nyumba, ninayekuja na zawadi na kukukosoa supu. Niliona bora unione mkatili kuliko unione hivi.

Lakini kuja naweza. Nimeshamwambia Kazunori. Alisema, "Mama, utaweza ile baridi?" huku sura yake inaniambia nenda hata leo. Sikumlaumu, chumba ni kidogo. Nitafika katikati ya Oktoba, mavuno yakiisha. Nikifika wewe ondoka. Nenda kwenye chemchemi za maji ya moto za mlimani, pale wakulima wote wanapokwenda na mchele wao na sufuria zao kupumzisha mifupa baada ya mavuno. Najua hujawahi kwenda tangu uolewe. Kila mwaka kulikuwa na mtu wa kubaki na Mama, na mtu huyo hakuwa mimi.

Nifundishe kila kitu kwa barua kabla sijafika, nisije nikamuua kwa ujuaji wangu.

Haruyo


Kamizawa
24 Septemba 1976

Wifi,

Vuli imeanza kwa upepo, na Eikichi anauliza kama kweli unakuja au ni maneno. Nimemwambia asafishe chumba cha mbele. Amekisafisha. Hata kokoto amezisogeza.

Umeandika nikufundishe. Mama huamka mapema, mpe chai isiyo moto. Akitoka mpe ufagio laini, upawa ameusahau. Kisu kifiche. Akikuletea jani lolote lipokee kwa mikono miwili, mshukuru, kisha liende kwenye mfuko wa aproni yako, lisiende kwenye chungu. Urui ikigeuka manjano mkate pamoja majani yaliyolala, anapenda kufanya hivyo, lakini shina lisiguswe, linajificha kwa ajili ya mwakani. Anaweza kung'oa chini-ya-theluji akidhani ni magugu. Usimgombeze, ipande tena akishaingia ndani. Nimeshaipanda hiyo hiyo mara nyingi, wala haijanikasirikia.

Hilo ndilo rahisi. Kuna jingine, na nimeandika na kuchana.

Katika barua yangu ya Agosti niliacha neno. Mama aliponiwekea lile bakuli hakusema, "Kula kabla hayajapoa" basi. Alisema, "Kula kabla hayajapoa, Haruyo."

Nilijua mboga ile ni yako. Nilijua haikuwa mboga, ilikuwa sumu. Nikala vyote viwili.

Tangu siku hiyo ananiita kwa jina lako, nami naitika. Mwanzoni nilimsahihisha: "Mimi ni Kinue, Mama." Alikuwa anafadhaika, anatazama mlango. Nikaacha. Sasa ananichana nywele. Ananifunika shingo. Ananiambia mambo ya utoto wako, jinsi ulivyotumbukia kwenye mtaro wa maji ukatoka na samaki ndani ya kimono. Mimi nacheka kama ninayekumbuka. Nimekula mapenzi yako kiangazi kizima, wifi, na yalinishibisha. Kama ungeniuliza kwa nini sikumkubalia Eikichi amwage kokoto, ni hilo. Niliogopa akikosa pa kukaa hatakuwa na pa kunichana nywele.

Ukifika pengine hatakujua. Sijui utaniangalia kwa macho gani, mimi niliyeketi mahali pako. Kama hutaki tena kuja, nitaelewa.

Kinue


Kamizawa
9 Novemba 1976

Kwa wifi yangu Kinue, huko kwenye maji ya moto,

Eikichi ameondoka jana kwenda Tokyo, kwa hiyo barua hii nimempa dereva wa basi la mlimani mkononi. Theluji ya kwanza imegusa mierezi ikayeyuka. Natumaini mifupa yako imelainika, na kwamba wale wanawake wa bondeni uliowakuta bafuni wanakuchekesha. Usiulize habari za nyumba. Nyumba haijaungua. Mama amekula, amefoka, amelala. Mimi viganja vimepasuka.

Uliniona siku niliyofika. Uliona alivyoniinamia kama mgeni, akaniuliza nimetoka mbali kiasi gani. Nikamjibu Kagoshima. Akasema, "Nina binti aliyeolewa huko," halafu akakugeukia wewe akakupangusa unga shavuni. Ulikimbilia jikoni. Sikukufuata kwa sababu nami nilikuwa na yangu ya kulia.

Ulipoondoka na sufuria yako nilidhani atakutafuta. Asubuhi yake nilikuwa nafagia majani ya mierezi kwenye kuvumwani, nikifuata kila ulichoniandikia. Akatoka, akasimama nyuma yangu.

"Kinue! Unafagia au unapiga?"

Nikageuka. Wewe hukuwepo. Kumbe anayeitwa ni mimi.

Kuanzia hapo ni hivyo. Anayefagia ni mkwe, basi mimi ndiye mkwe. Supu yangu ina maji mengi. Mwendo wangu una kelele. Juzi nimemgawia chai akasema, "Kwenu hawakukufundisha kushika kikombe?" Kwetu! Nikataka kumwambia kwetu ni hapa hapa na mwalimu ni wewe. Nimevumilia wiki tatu, Kinue, na siku ya tatu tu nilikwenda nyuma ya ghala nikapiga teke pipa. Wewe ulivumilia vipi? Na mimi nilikuwa nikija kwa wiki moja ya kiangazi na kuongeza ya kwangu juu.

Ila si kwa kulalamika nimekuandikia. Ni kwa ajili ya jana.

Tulikuwa bustanini wawili, tunakata majani ya manjano ya urui. Nilikuwa nimechoka. Nadhani alimwona Eikichi akiondoka na mzigo asubuhi, nadhani hilo ndilo lililomtia hofu. Akaacha kukata. Akanishika mkono wa nguo.

"Na wewe unaondoka?"

"Siendi popote, Mama."

"Msidhani sioni. Watu wanafunga mizigo." Akanivuta karibu. "Haruyo akiondoka nitavumilia. Nilimlea nikijua ataondoka, mabinti ni wa kupewa watu. Nitalia siku mbili, nitaendelea. Lakini wewe, Kinue, wewe usiniache. Wewe ukiondoka siwezi hata kujua asubuhi imefika."

Akanitikisa ule mkono kwa nguvu zake zote.

"Sijui kukwambia vizuri. Mama mkwe wangu hakuniambia kitu mpaka akafa, nami sikujifunza. Unanisikia lakini?"

Nimeyaandika jana hiyo hiyo nikiwa bado nayasikia, nisiongeze wala kupunguza. Yamenichoma, sitakuficha, maana nilikuwa hapo na mimi ni Haruyo. Lakini mwenyewe ni wewe, na ametumia miaka ishirini na sita kuyafikisha mdomoni, akakukosa kwa wiki tatu.

Kazunori nimemwandikia kwamba sirudi kabla ya theluji kuisha, kama wewe, mwenye nyumba, utanikubali. Kaa huko mpaka mchele ulioubeba uishe. Kisha urudi, wifi. Nilimjibu kwa jina lako kwamba nimesikia.

Haruyo